Kujitengenezea Mashua Ndogo ya Mbao

Mkulima, ikiwa shamba lako limepakana na Ziwa Naivasha au Ziwa Baringo, au ikiwa katika skimu yenu limo bwawa kubwa lililoachwa na wenye mashamba wa zamani, yamkini umekwisha kuona haja ya mashua. Maji ya maziwa yetu ya Bonde la Ufa yalipanda sana katika miaka ya kuelekea 2020. Naivasha, Nakuru, Bogoria na Baringo, yote yalitoka katika mipaka yake, yakafunika malisho, njia, mashamba na nyumba. Watu waliozoea kwenda kwa miguu hawakuwa na budi kuvuka kwa chombo. Wengine wataka mashua ya kutegea nyavu, na wengine ya kutoa magugu bwawani. Makala hii yaeleza jinsi ya kujitengenezea moja nyumbani, ya urefu wa futi 12 na nusu hivi, yenye sakafu bapa, ya kuendeshwa kwa makasia.

Mtu aliyejenga banda la ng'ombe wa maziwa na likasimama wima anaiweza kazi hii. Vyombo vya kazi ni vile vile: msumeno, randa, nyundo, patasi, keekee na futi. Lakini msifikiri kwamba mwajenga banda jingine tu. Paa la banda likivuja, ndama hulowa, nawe hupanda kesho yake ukaziba. Mashua ikivuja nusu maili kutoka nchi kavu, hakuna kesho yake. Kwa sababu hiyo nitapita upesi juu ya kukata na kupigilia, ambako wengi mwajua, na nitakaa zaidi juu ya kumalizia, kazi ambayo wengi huiona kuwa ni urembo.

Kwanza tuelewe kwa nini mashua huelea. Ilchamus wa Baringo, ambao zamani waliitwa Njemps, tangu kale wamevua samaki kwa chelezo kidogo cha vijiti vya ambachi, mti uotao majini na ulio mwepesi kama boya. Chelezo hicho hakivuji, kwa kuwa hakina ndani ya kujaa. Mvuvi hulowa, lakini hazami. Mashua ya mbao ni kinyume chake. Haibebi watu kwa wepesi wa mti wake, hubeba kwa hewa iliyo ndani yake, na kinachoilinda hewa hiyo ni maungio tu. Mbao nzuri zenye maungio mabaya ni hasara ya mbao nzuri.

Basi tuanze. Mbao za saiprasi zatosha, nazo hazina shida kupatikana huku kwetu, maana miji kama Elburgon na Molo imekua pamoja na viwanda vya mbao. Mutarakwa hudumu zaidi, lakini hupasuka upesi chini ya msumari, tena ni mti wa msitu wa asili ambao sheria yaulinda. Usiende kuukata. Kwa mbavu za mashua nunua mbao nne za inchi 8 kwa 1, kila moja futi 13 au 14. Kwa sakafu nunua futi 60 za inchi 6 kwa 1. Hapa vipande vifupi vyafaa, na muuzaji mwema atakupunguzia bei. Ongeza fito za inchi 2 kwa 2, futi 55 hivi, na futi 12 za ubao mpana kwa viti. Ubao wa nyuma na mbao za kuimarisha sakafu utazipima mwenyewe kazi ikifika hapo.

Chagua kila ubao kwa mkono wako. Saiprasi ina vifundo vingi. Kifundo kilichoshikamana na ubao hakina neno, lakini kile chenye duara jeusi ni kifundo mfu, na siku moja kitadondoka na kuacha tundu la kuingiza kidole. Kigonge kwa nyundo pale pale dukani. Kikitikisika, rudisha ubao.

Mbao zilizotoka kiwandani jana zimejaa maji. Zipange kivulini, juu kidogo ya ardhi, na kati ya tabaka na tabaka uweke vijiti ili upepo upite. Katika miezi ya kiangazi, tangu Desemba mpaka Machi, mbao za inchi moja zahitaji miezi miwili au mitatu. Usizianike juani kwa haraka, zitapinda na kupasuka miisho. Najua mtu akishapata mbao mkono humwasha, lakini ubao mbichi hukauka baadaye ukiwa tayari katika mashua, hujikunja, na maungio yote hufunguka.

Unganisha mbao mbili mbili za inchi 8 ubavu kwa ubavu, ukizishika kwa ufito mwembamba upande wa ndani, upate mbavu mbili za kimo cha inchi 15 baada ya randa. Zilaze moja juu ya nyingine na kuzikata pamoja, ili zisitofautiane hata kidogo. Tengeneza kielelezo cha katikati kwa mbao chakavu: futi 3 chini, futi 4 juu, kimo inchi 15. Miisho ya mbele pigilia katika gogo gumu la inchi 3 kwa 3 lililochongwa mfano wa kabari; sehemu hii ya mbele mabaharia huiita omo. Kisha tia kielelezo kati ya mbavu, futi 6 kutoka omo, na uvute miisho ya nyuma kwa kamba iliyozungushwa na kusokotwa kwa kijiti. Ikiwa mbao ni kaidi, zimwagie maji ya moto na uende polepole. Zikifika, pigilia ubao wa nyuma, yaani tezi, wenye upana wa futi 3 juu na futi 2 na inchi 3 chini.

Kabla ya kuendelea, pima kutoka omo mpaka pembe ya kulia ya tezi, kisha mpaka pembe ya kushoto. Vipimo visipolingana, mashua imepinda, nayo itazunguka kama kuku aliyefungwa mguu kila ukipiga kasia. Isukume mpaka vilingane, uifunge kwa ubao wa muda. Sasa igeuze kifudifudi. Piga fito za 2 kwa 2 ndani ya kingo za chini, upige randa mpaka ubao ulionyoka, ukilazwa kukingama, uguse pande zote mbili bila mwanya.

Mbao za sakafu hulazwa kukingama, kutoka ubavu mpaka ubavu. Tumia misumari yenye zinki; ile myeusi huliwa na kutu. Toboa kwanza kwa keekee nyembamba. Juu ya sakafu, ndani, pigilia ubao mmoja mrefu kutoka omo hadi tezi, na nje pigilia mkuku wa inchi 3 kwa 1 ili mashua iende moja kwa moja.

Sasa twafika penyewe. Kila mahali ambapo ubao utakutana na ubao, paka rangi ya kwanza kabla ya kuunganisha, maana baada ya kupigilia hutafika tena. Miisho ya mbao, pale ambapo msumeno umekata, hunywa maji kama mirija. Ipake mara mbili au tatu. Kati ya mbao za sakafu, kingo za ndani na zigusane, lakini za nje ziwe wazi kiasi cha njiti ya kiberiti. Nafasi hiyo si kosa la fundi. Imewekwa kwa ajili ya pamba.

Mafundi wa pwani, kama wale wa Matondoni katika kisiwa cha Lamu, kazi hii huiita kalafati, nao huitumia pamba iliyotiwa mafuta. Nasi tufanye hivyo. Paka rangi ndani ya nafasi, sokota pamba iwe uzi, kisha uishindilie kwa patasi butu na nyundo nyepesi, ukienda kidogo kidogo bila kuruka mahali. Kipimo chake ni hiki: pamba iwe imara chini ya kidole, lakini isitokeze ndani ya mashua. Ikiwa legelege, maji yatapita. Ikishindiliwa kwa nguvu mno, ubao utakapovimba hautakuwa na pa kwenda, nao utang'oa misumari. Juu ya pamba jaza dawa ya kuzibia isiyokauka ikawa ngumu kama kioo. Iache chini kidogo ya uso wa ubao, kwa maana mbao zikivimba zitaisukuma nje.

Watu wa pwani hupaka pia deheni chini ya vyombo vyao kuzuia wadudu wa bahari watoboao mbao. Wadudu hao hawaishi katika maji matamu ya Naivasha na Baringo, kwa hiyo gharama hiyo huihitaji. Adui wetu ni uozo, nao huanzia ndani ya mashua, katika maji ya mvua yaliyotuama pembeni. Nje paka rangi ya mafuta mara tatu, ukipiga msasa kila safari ikikauka. Ndani mafuta ya kitani yatosha. Usitumie masalio ya rangi ya zamani yenye risasi, wala usiyapige msasa karibu na watoto. Vumbi lake ni sumu. Ukingo wa juu upake rangi ya manjano au nyeupe ili uonekane kwa mbali.

Mashua ikikauka, ipeleke kwenye maji haba, uifunge, uiache siku mbili. Mwanzoni itavuja, usishtuke. Mbao zanywa na kuvimba, na maungio yajifunga. Siku ya tatu kausha ndani, kisha utazame kwa saa nzima. Mahali panapoendelea kutoa maji patie alama ya mkaa, uitoe mashua nje na ufanye kalafati upya hapo. Usimwamini mtu asemaye kwamba kopo la kukumba maji litatosha.

Sasa hesabu, na hii mwiteni mtoto wa shule awasomee ikiwa lazima. Sakafu ya mashua hii ni kama futi 26 za mraba. Ikizama inchi moja, husukuma maji ya uzito wa kilo 60 hivi. Yaani kila inchi ya kuzama hubeba mtu mmoja mwepesi. Mashua yenyewe ina kilo 100 hivi, basi imekwisha zama karibu inchi 2 kabla hujaingia. Watu wawili na nyavu zao, kilo 180, ni inchi 3 zaidi. Jumla inchi 5, na juu ya maji zabaki inchi 10. Vizuri. Ongeza magunia manne ya mahindi ya kilo 90: hizo ni inchi 6 nyingine. Sasa zabaki inchi 4, nawe wajua upepo wa mchana wa Naivasha. Asubuhi ziwa huwa kama sahani, na alasiri mawimbi hupanda bila kuuliza. Inchi 4 hazitoshi hata mtu akiinuka tu kubadili mahali.

Kwa hiyo pima inchi 6 kutoka chini, katikati ya kila ubavu, upake mstari mweupe. Mstari ukizama, shehena ipunguzwe, hata kama anayeshushwa ni mjomba. Uingereza ilifanya alama kama hiyo kuwa sheria kwa meli zake mwaka 1876, baada ya Bwana Samuel Plimsoll kupiga kelele bungeni juu ya mabaharia waliokuwa wakifa katika meli zilizopakiwa kupita kiasi.

Chini ya viti funga madebe manne ya plastiki ya lita 20, yakiwa matupu na vifuniko vimekazwa. Mashua ikijaa maji, yatainua kilo 75 hivi. Hayo ni ya kuishikilia mashua mpaka msaada ufike, hayatoshi kukaa ndani yake. Kila mtu na avae jaketi la kuelea. Kulikalia kama mto si kulivaa. Jihadhari na viboko, usipite kati ya kiboko na kilindi, wala usijipenyeze katika mafunjo usiyoyaona ndani.

Kabla ya kutega wavu, pata leseni kwa Afisa wa Uvuvi, na ujitambulishe kwa kamati ya wavuvi wa ufuo wako. Kabla ya kuvusha watu kwa malipo, mashua lazima ikaguliwe na kuandikishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Majini, KMA. Mkaguzi akiikataa, muulize ni ungio lipi, urekebishe.

Usipoitumia mashua kwa wiki kadhaa, itoe majini, uigeuze kifudifudi juu ya magogo mawili, chini ya kivuli, hewa ipite. Jua kali hufungua maungio yote uliyoyafunga kwa taabu. Mwezi wa Februari, kabla ya mvua ndefu, choma ncha ya kisu katika kila pembe ya ndani. Kisu kikiingia kama katika kiazi kilichochemshwa, ubao huo umeoza. Ng'oa, weka mwingine, ukaanze tena na rangi ya kwanza na pamba.