LANGO MOJA, MITAMBO MIWILI: Namna ya kuweka toleo jipya bila kusimamisha kazi



Karani anayefanya kazi zake nyumbani, mhasibu aliye tawini mbali na makao makuu, muuguzi anayefungua jalada la mgonjwa kwa kompyuta: siku hizi wengi wa hawa hupita katika lango la mtandao kabla ya kufikia programu za kazi yao. Lango hilo likifungwa, kazi husimama. Likiwa na ufa, mwizi huingia. Mafundi wanaolitunza hawaonekani, na mara nyingi hukumbukwa siku ya hitilafu tu. Makala haya yanaeleza kazi yao moja iliyo ngumu kuliko inavyodhaniwa, nayo ni kuweka toleo jipya la programu katika lango lenye mitambo miwili, huku watu wakiendelea kulitumia.

Ili maelezo yawe wazi tutatumia mfano mmoja: mtambo uitwao NetScaler, wa kampuni ya Citrix ya Marekani, wa aina ya VPX. Mitambo ya kampuni nyingine hutofautiana katika maagizo, lakini utaratibu wa kazi unafanana sana.

MTAMBO USIO NA CHUMA

Mtambo wa lango waweza kuwa sanduku la chuma lililofungwa katika kabati la seva. VPX si sanduku. Ni programu tupu inayowekwa ndani ya seva yenye msimamizi aitwaye haipavaiza, kama vile VMware ESXi, KVM au Hyper-V. Haipavaiza huigawa seva moja kuwa kompyuta pepe nyingi, na kila moja hufanya kazi kana kwamba ina kumbukumbu na kadi ya mtandao ya peke yake. Ni kama nyumba kubwa iliyogawanywa vyumba: kila mpangaji ana mlango wake, lakini paa ni moja.

Lango la maana huwekewa mitambo miwili. Mmoja huwa wa zamu, na wa pili huwa wa akiba. Kila mtambo una anwani yake ya usimamizi, lakini zile anwani ambazo watu huzitumia hushikwa na mtambo ulio zamuni peke yake. Mitambo hiyo hupelekeana mapigo, kama mapigo ya moyo, mara tano kila sekunde. Kwa mpango wa kawaida, mtambo wa akiba ukikosa mapigo ya mwenziwe kwa muda wa sekunde tatu, huhesabu kwamba mwenziwe amekufa. Basi hushika zamu, na huzitangazia swichi za mtandao kwamba anwani zile sasa ziko kwake.

Haya yote hufanyika bila mtu kugusa kitu. Hapo ndipo wengi hudanganyika wakasema, "Tuna mitambo miwili, hakuna neno." Ni kweli kwamba jozi hutukinga mtambo mmoja unapokufa. Haitukingi na ufa uliomo ndani ya programu, kwa sababu mitambo yote miwili hutumia programu ile ile. Wala haitukingi na fundi anayeigusa yote miwili kwa mara moja.

KWA NINI TUSINGOJE

Tarehe 10 Oktoba 2023 kampuni ya Citrix ilitangaza ufa mkubwa katika NetScaler, uliopewa namba CVE-2023-4966. Mtu wa nje, asiye na nenosiri lolote, aliweza kuufanya mtambo uteme vipande vya kumbukumbu yake. Ndani ya vipande hivyo mlikuwa na vibali vya watu waliokwisha kuingia kwa halali. Mwenye kibali cha namna hiyo haulizwi tena nenosiri. Hupita kama mwenyeji.

Wachunguzi wa kampuni ya Mandiant walieleza kwamba wavamizi walikuwa wameanza kuutumia ufa huo tangu mwishoni mwa Agosti mwaka huo, yaani kabla ya tangazo. Kampuni kubwa ya mawasiliano ya Marekani, Comcast, iliingiliwa kati ya tarehe 16 na 19 Oktoba, siku chache tu baada ya tangazo. Habari za wateja wapatao milioni 36 zikafikiwa.

Mwezi Juni 2025 ukatangazwa ufa mwingine wa jamii hiyo hiyo, CVE-2025-5777. Mwezi uliofuata, ofisi ya waendesha mashtaka ya Uholanzi iliukata mtandao wake na intaneti kwa sababu ya hatari iliyotokana na nyufa za NetScaler. Wafanyakazi wake wakawa hawawezi kupelekeana barua pepe na watu wa nje, na mawasiliano yalianza kurudishwa kidogo kidogo mwezi Agosti.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa hiyo swali si kama toleo jipya litawekwa. Swali ni namna ya kuliweka upesi, na kwa salama.

KABLA YA KUANZA

Kwanza, hakikisha mitambo miwili haikai katika seva moja. Seva ikizimika, mtambo wa zamu na wa akiba huenda pamoja, na jozi inakuwa jina tu. Haipavaiza kama ya VMware ina kanuni inayoagiza kompyuta pepe fulani zitenganishwe. Iweke. Tena, kwa muda wa kazi, zuia haipavaiza isizihamishe kompyuta hizo kutoka seva moja hadi nyingine kwa hiari yake. Kuhama huweza kuukatisha mtambo pumzi kidogo, na sekunde tatu si nyingi.

Pili, pima afya ya jozi. Kila mtambo uwe unamwona mwenziwe, mmoja tu uwe zamuni, na mipangilio iwe imenakiliwa sawasawa kutoka wa zamu hadi wa akiba. Jozi iliyo mgonjwa itibiwe kwanza.

Tatu, weka akiba ya mipangilio, vyeti na leseni, na akiba hiyo itolewe nje ya mtambo. Haipavaiza yaweza pia kuchukua picha ya hali ya kompyuta pepe, ili irudishwe kama ilivyokuwa. Picha hiyo ni msaada, lakini si badala ya akiba. VMware inashauri picha moja isitumike zaidi ya saa 72, kwa kuwa faili lake huzidi kukua na kula nafasi. Ni heri kuichukua wakati mtambo wa akiba umezimwa. Kumpiga picha aliye zamuni pamoja na kumbukumbu yake huweza kumsimamisha kwa muda, na mwenziwe akanyakua zamu bila kutazamiwa.

Nne, soma maelezo yanayokuja na toleo jipya. Je, toleo hilo linakubaliana na haipavaiza uliyo nayo? Je, mnaweza kuruka kutoka toleo lenu moja kwa moja? Nafasi ya diski inatosha? Faili lililopakuliwa ni kamili, au lilikatika njiani?

Tano, andika orodha ya majaribio. Asiwe fundi peke yake wa kusema "inafanya kazi." Awepo karani au mhasibu mmoja atakayejaribu kuingia na kufungua kazi yake ya kila siku.

KAZI YENYEWE

1. Anza na mtambo wa akiba. Uagize ubaki katika akiba, usishike zamu katikati ya matengenezo. Kisha weka toleo jipya na uuwashe upya. Wakati huu watu hawaoni tofauti yoyote, ila lango linalindwa na mtambo mmoja tu.

2. Ukisharudi, ukague. Sasa matoleo ni mawili tofauti, na jozi yenyewe itaacha kunakili mipangilio. Hiyo si hitilafu. Imefanywa hivyo ili mpangilio wa toleo moja usiharibu toleo jingine. Lakini maana yake ni kwamba asibadilishe mtu mpangilio wowote mpaka kazi iishe, kwa sababu badiliko lake litabaki upande mmoja.

3. Ondoa lile agizo la kubaki akiba, kisha hamisha zamu kwa makusudi. Hapa ndipo watumiaji huhisi jambo. Mitambo yenye matoleo tofauti haiwezi kukabidhiana maunganisho yaliyo wazi, kwa hiyo baadhi ya watu watakatika na kulazimika kuingia tena. Waambiwe saa hiyo mapema, ili wahifadhi kazi zao.

4. Fanya majaribio yote ya orodha, wala usiharakishe. Sasa mtambo wenye toleo jipya uko zamuni, na wenye toleo la zamani umekaa kando ukiwa mzima. Huo ndio njia yako ya kurudi. Ukiona kasoro, rudisha zamu kwake, watu waendelee na kazi huku mkitafuta sababu. Kumbuka tu kwamba kurudi huko ni kwa muda, maana ufa bado uko kule.

Fundi anayeweka toleo jipya katika mitambo yote miwili kwa pamoja, ili awahi kulala, huivunja njia hiyo kwa mkono wake. Mshika mbili moja humponyoka. Na huyu zaweza kumponyoka zote mbili.

5. Majaribio yakifaulu, weka toleo jipya katika mtambo wa pili. Ukisharudi, hakikisha kunakiliana kumeanza tena. Kisha hamisha zamu mara moja zaidi, ili ujue kwamba inahama pande zote mbili.

6. Kata vikao vyote vilivyo wazi. Hatua hii husahauliwa, nayo ni ya lazima kwa nyufa kama zile za 2023 na 2025. Toleo jipya huziba ufa, lakini halimnyang'anyi mwizi kibali alichokwisha kuiba. Vikao vilivyoibwa mwaka 2023 viliweza kuendelea hata baada ya ufa kuzibwa. Mwaka 2025 Citrix iliagiza vikao vikatwe baada ya mitambo yote ya jozi kupata toleo jipya. Sababu yake ni rahisi: ukivikata mapema, na zamu ikarudi kwenye mtambo wenye ufa, vibali vipya vitaibwa tena.

7. Futa zile picha za hali, rudisha kanuni za haipavaiza kama zilivyokuwa, na andika yaliyofanyika pamoja na saa zake.

HITILAFU MBILI ZA KUANGALIA

Ya kwanza ni mitambo yote miwili kujiona iko zamuni. Hutokea pale njia ya mapigo inapozibwa, kwa mfano mtu anapofunga mlango wa UDP 3003 unaotumiwa na mapigo hayo. Kila mtambo huamini mwenziwe amekufa, na wote hutangaza anwani zile zile. Swichi hazijui zimfuate nani, na watumiaji huingia na kutupwa nje ovyo. Usiwashe na kuzima mitambo kwa kubahatisha. Chomoa kadi ya mtandao ya mmoja kwa kupitia haipavaiza, lango litulie, kisha itafutwe sababu.

Ya pili ni zamu kuhama lakini watu wasifike. Baadhi ya ofisi hutumia anwani moja ya MAC inayohama pamoja na zamu. Swichi pepe ya ESXi huweza kuikataa anwani hiyo kwa kudhani imeghushiwa, mpaka iwe imeruhusiwa katika mipangilio ya usalama ya swichi. Jambo hili laweza kukaa miaka bila kujulikana, kwa kuwa hapana mtu aliyejaribu kuhamisha zamu. Ni afadhali ligunduliwe katika jaribio la mchana kuliko usiku wa kazi.

UPANDE WA MFANYAKAZI

Ndugu, kazi hii kwa kawaida hufanywa usiku, wakati watumiaji ni wachache. Mara nyingi hufanywa na fundi mmoja aliyeshinda kazini tangu asubuhi. Mtu aliyechoka huruka hatua. Huona mtambo umewaka, akasema yatosha, akaenda zake bila kukata vikao.

Kwa hiyo yafaa mambo manne yawekwe katika mapatano ya kazi. Wawe watu wawili: mmoja afanye, mwingine asome orodha na kuhakiki. Kuwe na karatasi ya idhini inayotaja saa ya kuanza, saa ya mwisho, na ni nani mwenye neno la kurudi nyuma. Saa za usiku zilipwe, na waliokesha wapumzike kesho yake. Na mwajiri atenge mapema nafasi ya matengenezo kila mwezi, ili tangazo la hatari likija pasiwe na mabishano.

Meneja akisema hakuna nafasi, fundi na aieleze hatari hiyo kwa maandishi, pamoja na tarehe ya tangazo na namba ya ufa, na abaki na nakala yake. Hufanya hivyo si kwa kugombana, bali ili uamuzi uwe wa mwenye kuamua. Lango likivunjwa siku ya pili, si haki lawama imwangukie yule aliyeomba saa tatu za kulitengeneza akanyimwa.

Lango liliwekewa mitambo miwili ili mmoja utengenezwe huku mwingine ukiwa zamuni. Nao wanaolitunza wanahitaji mpango kama huo: mwenzi wa kusimama naye, na zamu ya kupumzika.