Hilali na Mirihi ugenini: kwa nini vigogo wa Sudan wanacheza ligi ya Rwanda?

Ligi Kuu ya soka ya Rwanda ya msimu wa 2025/2026 imepata wageni wawili wasio wa kawaida. Al Hilal na Al Merrikh, klabu mbili zenye mashabiki wengi kuliko zote nchini Sudan, zimehamishia makao yao ya muda mjini Kigali na kukubaliwa kushindana na klabu za hapa. Wapo wanaouliza kama ligi bado ni ya Rwanda, na wapo wanaosema kwamba ligi haijawahi kupata mtihani mzuri kama huu. Makala haya yanaeleza jinsi klabu hizo zilivyofika hapa, ugeni wao maana yake nini, na nani ananufaika au kuumia.

Zilizaliwa mji mmoja

Msikilizaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani kuyaelewa majina yao. Al Hilal ni hilali, mwezi mwandamo. Al Merrikh ni Mirihi, ile sayari nyekundu. Zote mbili ni za Omdurman, mji unaotazamana na Khartoum ng'ambo ya Mto Nile. Al Merrikh inahesabu umri wake tangu 1908, na Al Hilal iliundwa 1930. Al Hilal imefika fainali ya klabu bingwa Afrika mara mbili, 1987 na 1992, bila kulitwaa kombe. Al Merrikh ilibeba Kombe la Washindi barani Afrika mwaka 1989.

Wala Kigali si ngeni kwao. Mwaka 2014 Al Merrikh ilitwaa Kombe la Kagame hapa hapa mjini kwa kuifunga APR bao 1-0 katika fainali. Tofauti ni kwamba mwaka ule ilikuja kutafuta kombe, ikalipata na kurudi nyumbani. Safari hii nyumbani hapachezeki.

Vita vilivyofunga viwanja

Mapigano kati ya jeshi la Sudan na wanamgambo wa RSF yalianza Khartoum tarehe 15 Aprili 2023. Omdurman ikageuka kuwa uwanja wa vita, na ligi ya nchi ikasimama. Zaidi ya watu milioni 12 wameyakimbia makazi yao tangu wakati huo, na Umoja wa Mataifa unauhesabu uhamaji huo kuwa mkubwa kuliko mwingine wowote duniani. Wachezaji na familia zao ni sehemu ya hesabu hiyo.

Klabu ya soka isiyocheza hufa polepole. Mikataba ya wachezaji inaendelea kudai mishahara ilhali mapato ya mlangoni hayapo. Mchezaji anayekaa miezi sita bila mechi za ushindani hushuka thamani, na anayepata klabu nje huondoka. Kwa hiyo viongozi wa klabu hizo walikuwa na njia mbili tu: kusambaratika, au kutafuta pa kuchezea.

Kutoka Dar es Salaam hadi Nouakchott

Safari yao imepita katika miji mingi. Septemba 2023 Al Merrikh iliichagua Kigali kuwa nyumbani kwake kwa mechi ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Yanga ya Tanzania. Mchezo ulichezwa katika Uwanja wa Pelé, Nyamirambo, na Yanga ikashinda 2-0. Mashabiki wa Yanga walikuwa wamesafiri kutoka Tanzania, hata mwenyeji wa karatasini akaonekana kama ndiye mgeni. Yanga ilishinda tena 1-0 nyumbani kwake na kuingia hatua ya makundi kwa mara ya kwanza tangu 1998.

Al Hilal, chini ya kocha Mkongo Florent Ibenge, iliutumia mji wa Dar es Salaam kwa mechi zake za nyumbani za Ligi ya Mabingwa msimu huo. Msimu uliofuata, wa 2024/2025, klabu zote mbili zilihamia Mauritania na kucheza ligi ya nchi hiyo kama wageni. Al Hilal ilimaliza ikiwa kileleni, lakini ubingwa rasmi ukabaki kwa klabu ya wenyeji. Barani iliongoza kundi lililokuwa na MC Alger, Yanga na TP Mazembe, kisha ikatolewa na Al Ahly ya Misri katika robo fainali.

Kwa nini Kigali?

Sababu ya kwanza ni viwanja. Shirikisho la Soka Afrika, CAF, huruhusu mechi zake zichezwe tu katika viwanja vilivyotimiza masharti yake, na si kila nchi ya ukanda huu inacho kiwanja cha aina hiyo. Uwanja wa Amahoro ulifunguliwa upya Julai 2024 ukiwa na nafasi ya watazamaji 45,000. Al Hilal iliufanya kuwa nyumbani kwake katika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa msimu huu, ikiwa kundi moja na Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini, MC Alger ya Algeria na Saint Éloi Lupopo ya Lubumbashi. Wapenzi wa soka wa Kigali wamepata kuona mlangoni mwao mechi ambazo kwa kawaida huzitazama katika runinga.

Sababu ya pili ni utulivu na safari. Timu inayoshiriki mashindano ya bara huhitaji uwanja wa ndege wa kutegemewa, hoteli, na mahali pa mazoezi ambapo hakuna anayeshtushwa na milio ya bunduki. Isitoshe, Rwanda ilikwisha kuwapokea Wasudan wengine kabla ya wanasoka: wanafunzi wa udaktari kutoka Khartoum walikuja kumalizia masomo yao hapa baada ya vyuo vyao kufungwa na vita.

Mgeni wa ligi ana haki gani?

Kanuni za FIFA hazimruhusu mtu kuhama ligi kama anavyohama nyumba. Klabu ya nchi moja inaweza kucheza katika ligi ya nchi nyingine katika mazingira ya pekee tu, na kwa ridhaa ya mashirikisho ya nchi zote mbili, shirikisho la bara na FIFA yenyewe. Ndiyo maana Al Hilal na Al Merrikh hazikuwa klabu za Rwanda kwa sababu ya kucheza Rwanda. Zimebaki wanachama wa Shirikisho la Soka la Sudan, na barani huiwakilisha Sudan. Nafasi za Rwanda katika mashindano ya CAF ni za klabu za Rwanda peke yake.

Jambo hili si geni duniani. Wellington Phoenix ya New Zealand hucheza ligi ya Australia, lakini haiwezi kuiwakilisha Australia katika mashindano ya klabu za Asia. Shakhtar Donetsk ya Ukraine ilikimbia mji wake mwaka 2014; tangu hapo imehamia Lviv, Kharkiv na Kyiv, na baada ya vita kupanuka 2022 imezipokea timu za Ulaya katika miji ya Poland na Ujerumani.

Hata kuhama kwa hiari kuna historia hapa kwetu. Rayon Sports, iliyozaliwa Nyanza na kukulia Kigali, ilirudi Nyanza mwaka 2012 na kutwaa ubingwa wa msimu wa 2012/2013, kisha ikarejea mji mkuu. Rayon, hata hivyo, ilijua njia ya kurudi. Klabu za Omdurman haziijui tarehe ya safari yao.

Faida na maumivu kwa klabu za Rwanda

Ligi ya Rwanda ina timu 16, na kila moja hucheza mechi 30. Wageni wawili wanaongeza mechi nne kwa kila timu. Kwa klabu yenye wachezaji wachache na mfuko mwembamba, hizo ni safari zaidi, posho zaidi na hatari ya majeruhi. Ratiba nayo imebanwa, kwa kuwa ligi ilikuwa imekwisha anza wageni walipoingia, na Al Hilal ina majukumu ya bara.

Swali gumu zaidi ni la haki. Kila timu inakutana na wageni mara mbili, kwa hiyo kwa hesabu mzigo ni sawa. Lakini anayekutana na Al Hilal siku tatu baada ya mechi ngumu ya bara hakutani na timu ile ile aliyokutana nayo mwenzake. Pointi inayopatikana au kupotea kwa namna hiyo inaweza kuamua nani anashuka daraja.

Upande wa pili, mchezaji wa Rwanda anapata kipimo ambacho ligi ya nyumbani haikuwa nacho. Klabu za Rwanda hutolewa mapema barani, na makocha wamelalamika kwa miaka kwamba wachezaji wao hawajazoea kasi ya timu kubwa. Sasa kasi hiyo imewafuata Kigali. Mwalimu mkali amekuja mwenyewe. Kujifunza au kutojifunza ni juu ya mwanafunzi.

Kinachotetewa

Kwa Sudan, jambo hili ni kubwa kuliko pointi. Timu ya taifa, inayofundishwa na Mghana Kwesi Appiah, imetegemea sana wachezaji wa klabu hizi mbili. Agosti 2025 iliifunga Nigeria 4-0 kisiwani Zanzibar katika mashindano ya CHAN na kufika nusu fainali. Ilifuzu pia Kombe la Mataifa ya Afrika la 2025 nchini Morocco, huku Ghana ikiachwa nje katika kundi hilo hilo. Taifa lisilo na ligi ya kawaida liliwezaje? Jibu moja ni kwamba klabu zake hazikuacha kucheza, hata zilipolazimika kuazima uwanja.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Msemo huo unamdai mgeni alete kitu, na unamdai mwenyeji ajue kukipokea. Al Hilal na Al Merrikh zimeleta ushindani, macho ya bara na mechi kubwa. Klabu za Rwanda zitakuwa zimepona iwapo, siku wageni watakapofunga mizigo kurudi Omdurman, zitabaki na nguvu ambazo hazikuwa nazo walipofika.