Nyumba Mbili za Dr. Livingstone

Watu wengi hapa Kalangalala hudhani ya kuwa nyumba ya mawe hudumu na nyumba ya udongo hupotea. Basi na tuzitazame nyumba mbili alizokaa Dr. Livingstone, tuone kama ndivyo.

Ya kwanza yaitwa Newstead Abbey, nayo iko shamba, katika jimbo la Nottinghamshire, Uingereza. Asili yake ni nyumba ya watawa, iliyowekwa na Mfalme Henry II katika karne ya 12. Mwaka 1539 watawa waliondolewa kwa amri ya Mfalme Henry VIII, na mwaka uliofuata akapewa Sir John Byron. Vyumba vya watawa vikageuzwa kuwa makao, bali kanisa likaachwa. Hata leo ukuta wa mbele wa kanisa hilo wasimama peke yake, una tundu kubwa la dirisha, na nyuma yake hapana kanisa. Mwaka 1861 Bwana W. F. Webb aliinunua nyumba ile, na humo Dr. Livingstone alikaa mwaka 1864 na 1865, akiandika kitabu cha safari zake za mto Zambezi.

Ya pili ni tembe la Kwihara, karibu na Tabora. Tembe ni nyumba ya pembe nne yenye ua katikati. Kuta zake ni nene, za udongo. Juu hupangwa miti, kisha hutandazwa udongo, paa likawa sawasawa kama sakafu. Udongo huo huzuia jua kali, lakini mvua huumomonyoa, hivyo wataka kukandikwa mara kwa mara. Februari 1872 Dr. Livingstone na Bwana Stanley walifika hapo kutoka Ujiji. Stanley aliondoka mwezi wa Machi, naye Livingstone akangoja wapagazi na vifaa mpaka Agosti. Mwaka 1873 Chuma na Susi na wenzao walipita Unyanyembe wakiichukua maiti yake kwenda pwani. Baadaye tembe liliharibika, likajengwa upya katika karne ya 20, na sasa ni nyumba ya makumbusho.

Basi mawe ya kanisa la Newstead hayakujilinda, wala udongo wa Kwihara haukupotea kabisa. Nyumba hudumishwa na watu waitunzao na waijuao habari yake. Wazee wetu wangali wanajua ikulu za watemi wa zamani zilikuwa wapi, na milango yake ilielekea wapi. Waalimu, wapelekeni watoto wakawaulize, wakaandike. Kwani ukuta ukianguka waweza kuinuliwa tena, lakini habari ikizikwa pamoja na mzee, nani ataifukua?