Toni na Vitone: Teminali za Kwanza za Kuchapa na Lugha za Masisi na Walikale

Kabla skrini hazijaenea, mtumiaji wa kompyuta aliketi mbele ya teminali ya kuchapa: aliandika amri yake, na jibu likachapwa kwenye karatasi ile ile. Teletype Model 33 ya mwaka 1963 ilichapa herufi 10 kwa sekunde, kila herufi ikiwa imekwisha kuchongwa ndani ya mashine. LA30, iliyotolewa na kampuni ya Marekani ya Digital Equipment Corporation mwaka 1970, ilifikia herufi 30, wala haikuwa na herufi ya kuchongwa hata moja. Kichwa chake kilibeba pini 7 zilizopangwa wima. Kila pini ilisukumwa kwa sumaku ya umeme, ikagonga utepe wa wino na kuacha kitone. Kichwa kiliposogea hatua 5, herufi ilikuwa imekamilika.

Herufi, basi, ilikuwa vitone ndani ya kisanduku cha 5 kwa 7. LA30 ilichapa herufi kubwa tu, nazo zilijaza safu zote 7. Alama ya toni ingekaa wapi? Kiswahili hakikupata hasara, kwani hakiandikwi kwa alama za juu, na kile kibainishi cha ng'ombe kimo katika msimbo wa ASCII. Lugha za toni zina shida nyingine. Katika Kilingala, mathalani, moto ni mtu na motó ni kichwa. Alama ikiondolewa, msomaji hubaki akibahatisha.

Kihunde cha Masisi na Kinyanga cha Walikale ni lugha za toni vilevile. Utendi wa Mwindo, uliosimuliwa kwa Kinyanga na Candi Rureke mwaka 1956, ulichapishwa na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene mwaka 1969. Mashine iliyotoka mwaka uliofuata ingeweza kuunakili utendi huo wote, lakini bila toni. Kusema kwamba mashine haibagui lugha ni kukisahau kisanduku hicho.

LA36 ya mwaka 1974 ilileta herufi ndogo. Tena ASCII yenyewe iliruhusu hila: kuchapa irabu, kurudi nyuma hatua moja, kisha kuchapa alama juu yake. Jicho liliridhika, kompyuta ilihifadhi misimbo 3 mahali pa herufi 1, na orodha ya maneno ya kamusi ikavurugika katika kupangwa. Isitoshe, alama iliyotumika kwa toni ya juu ilikuwa ile ile ya ng'.