Magamba ya kaa: Jinsi bakteria wanavyoyashika na kuyavunja

KATIKA ufuo wa Munje, Msambweni, magamba ya kaa na kamba ni taka ya kawaida. Huko mikokoni, kaa nao hujivua magamba yao wakuapo. Hata hivyo, pwani haijajaa marundo yake. Maji ya bahari pekee hayawezi kuyamaliza. Wanaoifanya kazi hiyo ni viumbe wasioonekana kwa macho: bakteria.

Gamba limejengwa kwa chokaa, protini na khitini, yaani mnyororo mrefu wa sukari yenye nitrojeni. Mfaransa Henri Braconnot aliitambua khitini katika uyoga mwaka 1811, nayo imo pia katika maganda ya wadudu. Minyororo yake hulala sambamba, ikashikamana kama nyuzi za usumba zilizosokotwa, hata maji yakakosa pa kupenya.

Bakteria hana kinywa cha kutafuna gamba. Kwa hiyo hutoa nje vimeng'enya, ambavyo hufanya kazi kwa hatua.

Kwanza ni kushika. Vimeng'enya vingi vya aina hii vina sehemu mbili, moja ya kushika na nyingine ya kukata. Ile ya kushika ina uso bapa unaolala juu ya khitini na kung'ang'ania, kimeng'enya kisichukuliwe na maji.

Pili ni kukata. Mnyororo mmoja hunyanyuliwa, ukapitishwa katika mfereji ulio ndani ya kimeng'enya, na kukatwa vipande vya sukari mbili mbili. Kisha kimeng'enya kingine huvigawa vipande hivyo kuwa sukari moja moja, ambayo bakteria huila.

Mwaka 2010, wanasayansi wa Norway walieleza jambo jipya kuhusu bakteria aitwaye Serratia marcescens. Protini yake moja, CBP21, iliyodhaniwa kuwa ya kushika tu, kumbe nayo hukata. Kwa msaada wa madini ya shaba na oksijeni, hupasua uso mgumu wa khitini na kuvifungulia njia vimeng'enya vingine.

Jambo hili lina faida kwa mkulima. Takriban asilimia 7 ya uzito wa khitini ni nitrojeni, chakula muhimu cha mimea. Pasipo bakteria, nitrojeni hiyo ingebaki imefungwa ndani ya gamba. Isitoshe, magamba yakifukiwa shambani, bakteria walao khitini huongezeka, na vimeng'enya vyao huweza kushambulia kuvu pamoja na mayai ya minyoo iharibuyo mizizi, kwa kuwa navyo vina khitini.

Lakini kimeng'enya hushika juu ya uso tu. Gamba zima lina uso mdogo, hivyo huchukua muda mrefu kuoza. Lililopondwapondwa huoza upesi zaidi. Anayetaka kuyatumia magamba shambani ayasuuze kwanza kwa maji baridi ili kuondoa chumvi, ayakaushe, ayaponde, kisha ayafukie mapema kabla ya kupanda, kwani mbolea hii hutoa chakula chake polepole.