Ufunguo wa Sehemu Mbili

Edgar Codd, mwanahisabati Mwingereza aliyekuwa mtumishi wa kampuni ya IBM huko California, alipotangaza mwaka 1970 nadharia yake ya kuhifadhi taarifa katika majedwali, alishurutisha kwamba kila mstari uwe na ufunguo wa kuutambulisha, na ufunguo huo aliuruhusu uwe safu moja au mkusanyiko wa safu kadhaa. Katika jedwali la matokeo ya mtihani, mathalani, namba ya mwanafunzi hujirudia kwa kila somo alilotahiniwa, na namba ya somo hujirudia kwa kila mwanafunzi, ilhali jozi ya namba hizo mbili haijirudii. Maadamu ni hivyo, namba ya tatu ya kubuni ni ya nini?

Django, mfumo wa kujengea tovuti uliozaliwa katika gazeti la mji wa Lawrence, jimbo la Kansas, ukatolewa kwa umma mwaka 2005, haukuifuata ruhusa hiyo. Wenyewe ulitaka kila mstari uwe na ufunguo wa safu moja, aghalabu namba itwayo id, na dhana hiyo ikapenya kila pembe: anwani za kurasa, ukumbi wa wasimamizi, na zaidi ya yote funguo za kigeni, ambazo hunakili id ya jedwali moja ndani ya safu moja ya jedwali jingine. Ufunguo ukiwa na sehemu mbili, safu mbili sharti ziandikwe na kubadilishwa pamoja. Na ikiwa moja ni tupu na ya pili imejaa, je, uhusiano upo au haupo? Haishangazi basi kwamba ombi la kuuruhusu ufunguo ambatani, yaani wa safu kadhaa, lililotolewa mwaka ule ule wa 2005 lilijibiwa Aprili 2025, katika toleo la 5.2, na tena kwa sehemu tu: ufunguo wa kigeni bado hauwezi kuuelekea ufunguo ambatani, wala ukumbi wa wasimamizi haulipokei jedwali lenye ufunguo huo.

Kwa maoni yangu, anayeanza upya atosheke na id, aongeze sharti la kuzuia jozi kujirudia. Lakini aliyerithi hifadhidata kongwe hana hiari hiyo. Yeye hutumia ForeignObject, chombo cha ndani cha Django kinachojua kuunganisha majedwali kwa safu mbili, ila hakiiwekei hifadhidata kizuizi chochote, hivyo kizuizi hicho sharti akiandike mwenyewe kwa lugha ya SQL.