Si mwili uliozoea dawa, ni bakteria

"Daktari, mwili wangu umezoea dawa." Maneno haya huyasikia mara kwa mara kutoka kwa wagonjwa waliomeza antibiotiki bila kupata nafuu. La, msomaji, mwili wako haujazoea dawa. Ni bakteria walio ndani yako ambao wamekuwa sugu, na huenda usugu huo walipewa na bakteria wenzao.

Bakteria ni kiumbe cha seli moja tu. Ndani yake mna DNA, yaani maagizo ya maisha yake yote. Wengi wana pia vipete vidogo vya DNA vilivyojitenga, vinavyoitwa plasmidi. Plasmidi moja yaweza kubeba maagizo ya kushinda dawa kadhaa kwa pamoja.

Je, plasmidi huhamaje? Bakteria aliye nayo hutoa mkono mwembamba kama unywele, humshika jirani na kumvuta karibu. Wakishagusana, njia hufunguka kati yao. Plasmidi ina nyuzi mbili zilizosokotana: mmoja hukatwa na kupenyezwa kwa jirani, wa pili hubaki. Kisha kila bakteria huunda uzi uliopungua kwake. Kwa dakika chache tu, wote wawili wana plasmidi kamili, na aliyepokea anaweza kumpa mwingine. Ni kama kuomba moto kwa jirani: wako unawaka na wake hauzimiki. Wataalamu huita tendo hili konjugesheni.

Joshua Lederberg na Edward Tatum wa Marekani ndio waliotangaza mwaka 1946 kwamba bakteria huweza kuchanganya urithi wao. Huko Japani, katika miaka ya 1950, wagonjwa wa kuhara damu walipatikana na bakteria wa Shigela waliostahimili dawa nne: sulfa, streptomisini, kloramfenikoli na tetrasaiklini. Mwaka 1959 watafiti wa nchi hiyo walionyesha kwamba usugu huo ulihama kati ya Shigela na E. koli, bakteria ambao kwa kawaida huishi matumboni mwetu bila kutudhuru.

Hapo ndipo hatari ilipo. Ukimeza antibiotiki kwa sababu ya mafua, ambayo husababishwa na virusi, hutapona haraka. Lakini dawa itaua bakteria dhaifu tumboni na kuwaachia nafasi wale wenye plasmidi wazaane. Siku bakteria wa ugonjwa watakapoingia, watakuta silaha zinawangoja.

Hapa Kenya, homa ya matumbo iliyozuka mwishoni mwa miaka ya 1990 ilisababishwa na bakteria waliokuwa na plasmidi za aina hiyo. Kloramfenikoli, dawa iliyotegemewa kwa miaka mingi, ilishindwa pamoja na ampisilini na kotrimoksazoli. Ililazimu kutumia dawa nyingine za bei ghali zaidi.

Kwa hivyo, usinunue antibiotiki kabla ya kuchunguzwa. Usimpe jirani tembe zako wala usiweke mabaki ya kesho. Meza dozi kama ulivyoagizwa, na usipopata nafuu rudi kwa daktari badala ya kujibadilishia dawa. Chemsha maji ya kunywa, na unawe mikono kwa sabuni utokapo chooni na kabla ya kula. Bakteria asiyeingia mwilini mwako hahitaji dawa yoyote.